Kaunta Buku ya Kuwatazama Watoto

Haya niliyasema mbele ya walimu na wazazi wa kata moja ya Wilaya ya Chamwino, Jumamosi moja ya Agosti yenye upepo na vumbi. Waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, wakaniomba niyaandike. Salamu nimezifupisha. Mawili matatu niliyoyasahau siku ile nimeyarudisha mahali pake.

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanangu mliobanana madirishani mkidhani siwaoni. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nikitazama humu ndani naona mmebaki wachache. Wengine wote nawaitikia marahaba kabla hamjasema.

Kila mgeni rasmi akisimama Dodoma huwafananisha watoto na zabibu: kupogoa, kumwagilia, kuvuna mara mbili kwa mwaka. Leo zabibu tuziache zipumzike shambani.

Barua ya mwaliko inasema nije nieleze namna ya "kuibua vipaji vya wanafunzi". Neno hilo kuibua nimelitafuna njia nzima ndani ya basi. Kinachoibuliwa ni kitu kilichozama. Nikajiuliza, kilizamishwa na nani? Maana mtoto wa miaka mitatu hajazama popote. Mwenye kuimba anaimba mpaka usiku, mwenye kubomoa redio anaibomoa, mwenye maneno anakuchosha masikio. Akifika darasa la nne ndipo ukimya unapoanza, na sisi tunauita ukimya huo nidhamu.

Neno kipaji lenyewe nalipenda. Kiswahili kinaita kipaji ile zawadi aliyojaliwa mtu, na kinaita kipaji cha uso hapa, juu ya nyusi. Kipaji cha uso wako hukioni. Anakiona aliyesimama mbele yako. Na ile zawadi nayo ni vivyo hivyo. Jambo ambalo mtoto analiweza bila kutoka jasho yeye mwenyewe hulidharau, anadhani kila mtu analiweza. Muulize binti anayeshika beti zote za wimbo wa kwaya kwa kuusikia mara moja. Atakushangaa: "Kwani wewe huzikumbuki?" Kwa hiyo kazi ya kuona haiko kwake. Iko kwetu sisi tunaosimama mbele yake siku 194 za masomo kila mwaka, na kwenu mnaolala naye nyumba moja.

Nimefundisha miaka 34, Kondoa, Bahi, kisha mjini, na katika miaka hiyo kosa langu kubwa lilikuwa la macho. Nilikuwa natazama pale tu ambapo karatasi ya alama ina safu.

Angalieni. Hapa kwetu tuna Msalato, moja ya shule za serikali zinazoitwa za vipaji maalum, pamoja na Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala na zile mbili za Tabora. Ni shule nzuri, na mzazi ambaye binti yake amechaguliwa Msalato ana haki ya kuchinja mbuzi. Lakini mlango wa kuingilia ni alama za mtihani wa darasa la saba. Basi nchi nzima tumezoea kwamba "kipaji maalum" maana yake ni kujibu maswali vizuri siku mbili za Septemba. Kujibu maswali ni uwezo, siukatai, ila ni uwezo mmoja. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Nilifurahi, nikasema sasa tutapumua. Haukupita muda, shule moja niliyokuwa naipita njiani ikatundika bango lake yenyewe getini, picha za watoto na alama zao chini kama bei za dukani.

Sasa niwape kisa changu. Sina raha nacho.

Miaka ya 1990 nilikuwa na mvulana wa darasa la tano. Jina lake na la shule nitabaki nayo. Hesabu kwake zilikuwa 9, 11, siku ya neema 13, kati ya 50. Halafu kila siku ya mnada haonekani shuleni. Kesho yake viboko. Nilimchapa mimi, kwa mkono huu.

Likizo moja fupi nikaenda mnadani kununua nyama. Nikamkuta amesimama na mbuzi saba wa mjomba wake. Wanunuzi watatu wamemzonga. Mmoja anataka wawili apunguziwe, mwingine analipa nusu na nusu anaomba adaiwe, wa tatu anadai chenji yake huku anatukana. Mtoto hana kalamu wala karatasi. Anawajibu wote watatu, anahesabu noti, na yule wa pili anamkumbusha deni la mnada uliopita, kiasi gani na alimwahidi lini. Nikajibanza nyuma ya magunia ya karanga nikawa napiga hesabu zake kwenye kiganja. Nilichelewa mara mbili. Yeye hakukosea hata shilingi.

Nilirudi nyumbani na nyama yangu. Sikumwambia kitu, na shule ilipofunguliwa sikubadili kitu. Nilikuwa na azimio la kazi la kumaliza, na wakaguzi walikuwa wanakuja. Alipofika darasa la sita akaacha shule.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, nikasikia utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kutoka mji wa Recife, Brazili. Watafiti walikwenda sokoni kununua vitu kwa watoto wachuuzi watano, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, wakawauliza bei na chenji kama wateja wa kawaida. Majibu sahihi yalizidi 98 kati ya kila 100. Kisha wakawapa hesabu za namna ileile kwenye karatasi, tarakimu tupu. Majibu sahihi yakashuka hadi kama 37 kati ya 100. Mmoja wa watoto hao aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Shuleni tungemwambia aongeze sifuri, basi. Yeye alikwenda kwa mafungu ya nazi tatu tatu, kama wateja wake wanavyonunua: 105, 210, 315, akaongeza moja, 350. Hakuna mwalimu aliyemfundisha njia hiyo.

Mtoa mada aliendelea kueleza, mimi nikatoka nje. Yeye alikuwa na watoto watano. Mimi nilikuwa namjua wa sita.

Tangu hapo nilibadilika, na nieleze kwa vitendo, maana wazazi mmechoka kusikia "mbinu shirikishi" bila kuonyeshwa hata moja. Nilianza hesabu kwa mbuzi. Mbuzi wanne, 85,000 kila mmoja, mnunuzi ana noti za elfu kumi kumi. Anatoa noti ngapi? Sikuandika chochote ubaoni kwanza. Watoto wa mnada wakanyoosha mikono, wale waliokuwa wakikaa nyuma karibu na mlango. Mmoja akasema: "Wawili ni laki na sabini, na wengine wawili laki na sabini. Noti 34." Hapo ndipo nikachukua chaki nikaandika alichosema, 85,000 × 2, kisha × 2, nikamwambia, "Hiki ulichokifanya kichwani kinaandikwa hivi." Alilitazama lile andiko kama mtu aliyeonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza. Sikumfundisha kuzidisha, alikuwa anazidisha tangu ana miaka minane. Nilimfundisha kuandika.

Mimi nikisema tujenge juu ya kile mtoto anachokiweza, hicho ndicho ninachomaanisha. Sina maana kwamba mwenye kuweza mnada aachwe mnadani. Pale anapoweza ndipo pa kuingilia kwenda pale asipoweza.

Nilikuwa pia na binti, huyu wa Bahi, ambaye kusoma kwa sauti kulimshinda kabisa. Ukimwita asimame, midomo inatetemeka, darasa linacheka, anakaa. Jioni moja kijijini kulikuwa na sherehe, akina mama wanapiga muheme, ngoma ya Kigogo. Mnaijua muheme, sina haja ya kuwaeleza watu wa Chamwino. Na huyu bubu wangu, kati ya wasichana waliokuwa wanajifunza, ndiye aliyeshika ngoma iliyokuwa ikiwageuza wenzake. Akibadili, wote wanabadili. Mmoja akichelewa, yeye anamtazama tu, na anayetazamwa anajirekebisha. Nilisimama pale mpaka vumbi likanijaa kooni.

Jumatatu nikamwambia asome akigonga dawati. Silabi za Kiswahili zinapigika, hilo ni jambo la bahati kwa lugha yetu: ka-ra-nga, u-we-le, m-ne-na-ji. Aligonga, akasoma. Darasa zima likaanza kugonga naye, mwalimu wa chumba cha pili akaja kulalamika kelele. Ilichukua muhula mmoja na nusu, siyo wiki mbili kama ushuhuda wa redioni. Hakuwa msomaji wa kwanza darasani, alikuwa wa katikati. Lakini aliacha kukimbia zamu yake.

Tukiwa kwenye ngoma, nitaje mtu mmoja. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa mkoa huu huu. Alipiga zeze na ilimba, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kila nilipouliza darasani nani anamjua, mikono iliyonyooka ilikuwa michache, na mara nyingi ilikuwa ya watoto ambao babu zao wanapiga zeze. Ripoti tulizokuwa tunapeleka kwa wazazi hazikuwa na mstari wa ilimba. Mtoto mwenye sikio kama lake angeonekana kwetu kama mtoto anayegonga madawati.

Mtaala ulioanza Januari 2024 umefungua mlango kidogo. Shule ya msingi ina somo la Sanaa na Michezo, na sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi. Naupongeza. Lakini nimeshasikia walimu, tena wawili kwa nyakati tofauti, wakisema, "Huyu hataweza fizikia, mpelekeni amali." Fundi umeme asiyejua hesabu anaunguza nyumba za watu. Amali tukiifanya jalala la waliofeli tutakuwa tumechukua neno zuri tukalichafua, kama tulivyowahi kuichafua elimu ya kujitegemea ya mwaka 1967 mahali ambapo ilibaki kuwa watoto kulima shamba la mwalimu. Mnacheka kwa sababu mlilima. Mimi pia nililima.

Sasa nije kwenye hiki nilichobeba. Mfuko ule pale mezani una kaunta buku, moja kwa kila mwalimu wa darasa. Nimezinunua mwenyewe, za kurasa 96, msinishukuru sana.

Zamani nilikuwa na darasa la watoto 84. Huwezi kuwatazama 84 kwa siku, ukijidanganya hivyo utaishia kuwaona kumi wale wale, watano wa mbele na watano watundu. Nikaamua kutazama watatu kwa wiki. Wiki 28, darasa limekwisha, na mwaka haujaisha. Jina, tarehe, na sentensi mbili. Sharti langu lilikuwa moja: siandiki sifa, naandika kitendo. "Ana akili", "mtulivu", "mzembe" hayo nilijikataza. Niwasomee machache, majina nimeyaondoa.

"Amepanga foleni ya uji bila kutumwa. Wadogo mbele."

"Ameuliza kwa nini kivuli cha mlingoti kinakuwa kifupi saa sita. Nilimwambia akae. Kesho nimjibu."

"Amechora ng'ombe pembeni mwa daftari la Sayansi. Ng'ombe tisa, mabaka ya kila mmoja tofauti. Anasema ni wa kwao."

"Amemsimulia mwenzake aliyekuwa mgonjwa somo la jana. Amelieleza vizuri kuliko mimi."

"Wamegombana uwanjani, yeye ndiye ameamua. Wakubwa wake wamemtii."

Hilo la nne lilinikera siku ile. Baadaye nikampa kazi ya kuwaeleza watoro masomo yaliyowapita, kila Ijumaa. Alama zake mwenyewe zikapanda, maana huwezi kumweleza mtu jambo usilolielewa mara mbili mfululizo bila kuumbuka.

Na mahali pa kuwatazama siyo darasani peke yake. Darasani mtoto anafanya ulichomwagiza, hivyo unajiona wewe. Mtazame kwenye uji, wakati wa kufagia, bustanini, kwenye mechi, njia ya kurudi nyumbani. Tazama anachofanya bila kutumwa. Tazama zaidi anachokirudia baada ya kukosea. Wapo watoto wanaong'aa siku ya kwanza halafu wanaacha, na wapo wanaovunjikiwa na gari la waya mara nne na la tano wanalitengeneza. Huyo wa gari la tano msimwache apite bila kuandikwa. Na kumbukeni umri. Darasani humo mna aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba, na vijijini kwetu mna wanaopishana hata miaka mitatu. Aliyetangulia kuzaliwa hujionyesha kama ametangulia kwa akili, mpaka wenzake wanapomfikia.

Mtu ataniuliza, kwa nini usitumie zile orodha za maswali zinazompa mtoto jibu kwamba yeye ni mtu wa namna fulani? Zipo nyingi, nyingine za watu makini: wanasaikolojia Peterson na Seligman wa Marekani mwaka 2004 waliorodhesha nguvu 24 za tabia, kama udadisi, ujasiri, huruma. Orodha hiyo naipenda kwa jambo moja, inampa mwalimu maneno ya kuita alichokiona. Lakini mtoto wa darasa la tano akijaza dodoso anaandika anachodhani mwalimu anataka. Na kuna ule mtindo ulioingia hadi kwenye semina zetu, kwamba huyu anajifunza kwa macho, huyu kwa masikio, huyu kwa mikono, na kila mmoja afundishwe kivyake. Wanasaikolojia wanne wa Marekani waliupitia ushahidi wake mwaka 2008 wakakuta hautoshi kuutegemea. Mimi nimewaona watoto wakijifunza ramani kwa kuitazama na wimbo kwa kuusikia, watoto hao hao.

Hatari nyingine ni ya sifa, na hii inatugusa sisi tunaopenda watoto. Mwaka 1998 Mueller na Dweck walichapisha majaribio yao kwa watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walipewa mafumbo wakayaweza. Kundi moja likaambiwa, "Una akili sana." Kundi jingine likaambiwa, "Umejitahidi sana." Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa, halafu wakarudishwa kwenye mafumbo mepesi kama yale ya mwanzo. Walioitwa wenye akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na wengi wao zaidi walidanganya alama zao walipotakiwa kuziandikia watoto wa shule nyingine. Waliosifiwa juhudi walipanda. Ndiyo maana kaunta buku yangu haitaki sifa. Ukimwambia mtoto "wewe una kipaji cha hesabu", siku akipata 18 atadhani kipaji kimemtoka. Mwambie, "Umewagawa mbuzi wanne wawili wawili, njia hiyo ni nzuri, ijaribu na wanane." Hilo hata akikosea kesho bado analo.

Kwa wapenzi wa michezo, jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu. Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. London mwaka 2017 akapata shaba ya dunia. Halafu miaka ikapita, wengi wakamsahau. Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyekuwa ubavuni kwake, wametenganishwa na sekunde 0.03. Kilomita 42 na ushee, na tofauti ni upana wa kifua. Kutoka Rio mpaka Tokyo ni miaka tisa. Nawataja ninyi walimu wa michezo: mtoto anarudi na medali ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tunampigia makofi kwenye mstari asubuhi, kisha hakuna anayemuuliza tena kitu mpaka mashindano ya mwakani.

Wazazi, msiogope kwamba hamjui. Mtafiti Benjamin Bloom na wenzake wa Chicago walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wa watu 120 waliofika mbali sana: wapiga piano, wachongaji, waogeleaji, wacheza tenisi, wanahisabati, wataalamu wa mishipa ya fahamu. Walimu wao wa kwanza kwa sehemu kubwa hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa jirani, wapole, waliomfanya mtoto atake kurudi kesho. Mabingwa walikuja baadaye. Kumpenda mtoto anapogonga sufuria hakuhitaji cheti.

Ninachowaomba nyumbani ni vitu vidogo. Baba mwenye kijana anayefungua redio, mtafutie boksi la vitu vibovu, simu zilizokufa, tochi, na umwambie redio nzima ni mwiko. Mama mwenye mtoto anayeuza nyanya, mwachie hesabu yote ya gunia moja, kununua, kuuza, zilizooza, faida, na asipopata faida msikae mkamsimanga. Kaeni mtafute zilikopotelea.

Na kuna jambo nitalisema kwa sauti. Binti wa miaka 12 anaamsha wadogo zake watatu, anawavisha, anapika uji, anafika shuleni kabla ya kengele. Sisi tunasema "anasaidia nyumbani". Kaka yake akipanga timu ya mpira Jumamosi, tunasema "huyu ana uongozi". Kazi ileile! Ya binti hatuioni kwa sababu tumeiona kila siku, na tumeizidisha mpaka hana nafasi ya kujaribu kitu kingine. Nikifungua kaunta buku zangu za zamani nakuta wavulana wameandikwa zaidi. Niliyeandika ni mwanamke, na bado.

Basi, nimekaa sana na upepo unazidi. Walimu chukueni kaunta buku zenu, andikeni jina la mtoto wa kwanza kabla hatujanywa chai.

Mwenyekiti akaruhusu maswali. Mawili ya kwanza yalihusu michango, nikayaacha kwa wenyewe. La tatu likatoka kwa mama aliyekuwa karibu na mlango, mtoto mchanga mgongoni.

"Mwalimu, mimi wa kwangu hana kipaji. Nyumbani analala, shuleni analala. Mwalimu wake huyo hapo, muulize."

Watu wakacheka, na mwalimu wake akacheka. Nikamuuliza mtoto huwa analala saa ngapi.

"Akitoka kisimani."

Kisimani anakwenda saa ngapi?

"Saa tisa usiku. Ukichelewa unakuta foleni, na maji yanakata."

Nani anamwamsha?

Akafikiri kidogo, akambadilisha mtoto bega. "Hakuna. Anaamka mwenyewe. Anawapitia wenzake watatu, maana njiani kuna fisi, wanakwenda kundi. Yeye ndiye anayejua nani aamshwe wa kwanza, maana mmoja ni mgumu kuamka. Na ndoo anazipanga yeye, kila mtu na ya kwake."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwalimu wake alikuwa ameshafungua kaunta buku na anatafuta kalamu mifukoni. Nikamgeukia Mheshimiwa Diwani, nikamuuliza kile kisima cha pili kimefikia wapi.